Majina ya bibi zetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wazazi wanaosubiri mtoto, mashangazi wenye maoni, na vijana wachache wanaotaka kujua kwa nini waliitwa Mashaka. Majibu yanahusu zaidi majina ya Waswahili wa pwani na visiwani, pamoja na yale yaliyosambaa bara hadi yakawa ya wote.

Jina "la zamani" ni lipi hasa?

Umri wa jina peke yake hausemi kitu. Mariamu, Yusufu na Ibrahimu yana maelfu ya miaka, na bado ukiita moja shuleni vichwa vitatu vinageuka. Jina la zamani, kwa maana yetu hapa, ni lile ambalo ukilisikia tu unamwona mtu mzima: kanga mbili, ukili mkononi, sauti ya kuita wajukuu kutoka barazani. Mwanaidi. Chausiku. Sikudhani. Siwatu. Mwajuma. Kwa wanaume: Shomari, Feruzi, Mabruki, Uledi, Masika, Kombo.

Kipimo changu ni chepesi. Tafuta mtoto wa darasa la kwanza mwenye jina hilo. Ukimkosa kwenye ukoo, mtaani na madrasa, lakini wazee wenye jina hilo unawajua watano, basi hilo ni la zamani.

Kwa nini vijana wanayataka sasa, wakati mama zao waliyakimbia?

Kwa sababu mama zao waliyakimbia. Majina ya kizazi kilichotutangulia hayana mvuto kwetu kwa kuwa wenyewe tunawajua mno. Stella ni yule shangazi mkali. Kelvin ni kaka aliyekopa hela akahama mtaa. Bibi yuko mbali kidogo. Kwake tulikula, tukasimuliwa hadithi, tukalala, na alipotuchapa hatukumbuki. Jina lake limebaki na harufu ya asumini. Mjukuu wa huyu Stella, nina hakika, siku moja ataliona jina la Stella lina utamu wake.

Halafu kuna msongamano. Mzazi anatafuta jina la kipekee, anamwita mtoto Rayan au Ethan, anafika kliniki anakuta Rayan wengine wawili kwenye benchi. Chausiku hatagongana na mtu.

La tatu ni usomo, na kwangu ndilo kubwa. Kiswahili kina neno la mtu mnayeitwa jina moja: somo. Wengine husema wajina. Mtoto akipewa jina la bibi yake, wawili hao wanakuwa masomo, na usomo una haki zake. Bibi anamtania, anamletea vya pembeni, anamtetea akikosea: "Muacheni somo yangu." Mtoto mwenye jina la kutoka kwenye simu hana somo. Nisikudanganye, wanaouliza kuhusu majina haya bado ni wengi kuliko wanaoyatumia.

Wazee walikuwa wanayapataje?

Mara nyingi walitazama kalenda. Aliyezaliwa Ijumaa ni Juma au Mwajuma, wa Alhamisi ni Hamisi au Mwanahamisi. Jumanne na Jumapili yako pia, ingawa Jumapili siku hizi halisikiki sana. Hapo kuna kichekesho: juma la Waswahili linaanza Jumamosi, kwa hiyo Jumatano ni siku ya tano, na Alhamisi nayo, kwa Kiarabu, ni "ya tano". Tuna siku ya tano mara mbili kwa wiki moja na hakuna anayelalamika.

Miezi ya Kiislamu ilitupa Rajabu, Shabani na Ramadhani. Sikukuu zikatupa Idi na Mwanaidi. Lakini usilitumie jina la Ramadhani kukisia tarehe ya kuzaliwa ya mzee. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, hivyo mfungo unazunguka misimu yote. Ramadhani mmoja alizaliwa kwenye masika, mwingine kwenye jua kali.

Misimu yenyewe nayo ilitoa majina. Masika alizaliwa mvua kubwa zikinyesha, Mwanamvua vivyo hivyo. Chausiku alikuja usiku. Kuna waliohesabiwa tu: Mosi, Pili, Tatu, Sita, Saba. Pili ni mtoto wa pili, na Tatu ni wa tatu, au kwa nyumba nyingine ni wa Jumatatu, muulize mwenyewe.

Kutoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi tulipata Kulwa na Doto, ambayo leo ni majina ya mapacha karibu Tanzania nzima, hata kwa watu wasiojua yametoka wapi. Kulwa ndiye anayetangulia. Anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija, na hili watu wengi wa pwani hawalijui: wana Shija jirani na hawajawahi kumuuliza mapacha wako wapi.

Mtindo wa kusoma siku na kumpa mtoto jina lake haukuwa wa pwani tu. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa Kambarage kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, na Kambarage ni mzimu wa mvua kwa Wazanaki. Julius lilikuja na ubatizo mwaka 1943, akiwa mtu mzima tayari.

Sikudhani, Siwatu, Shida, Tabu: mzazi alikuwa anawaza nini?

Alikuwa anaongea na watu. Jina lilifanya kazi ya kanga. Kama vile mwanamke anavyochagua kanga yenye maneno akapita nayo mlangoni kwa jirani bila kufungua mdomo, ndivyo alivyoweza kumwita mtoto Siwatu, yaani hao si watu, na kila jioni akasimama uani akaliita kwa sauti. Aliyekusudiwa anasikia. Hawezi kugomba, maana mama anaita mwanawe. Sikudhani linaweza kuwa la mume aliyebadilika, la ndugu waliomtenga, au la mimba iliyokuja wakati watu wameshakata tamaa. Jina linahifadhi nusu ya hadithi na kuacha nusu nyingine kwa mama.

Shida, Tabu na Mashaka mara nyingi ni taarifa ya hali: uzazi mgumu, njaa, msiba, baba kuwa safarini. Palikuwa pia na desturi ya mama aliyefiwa na watoto kumpa anayefuata jina baya au la kudharaulika ili kifo kimpite, kimwone si kitu cha kuchukua. Ukikutana na mzee mwenye jina la kushangaza, usicheke haraka. Huenda jina hilo ni alama ya makaburi madogo mawili matatu yaliyomtangulia.

Je, nimpe mtoto wangu? Sikudhani, ndiyo, tena kwa furaha. Siwatu, fikiria kwanza majirani zako. Tabu na Shida mimi nisingempa mtoto. Najua wapo akina Tabu waliostawi, lakini jina lile lilikuwa jibu la siku ile, na mtoto wako hana deni la siku ile.

Nimeambiwa Feruzi, Almasi na Mabruki ni majina ya watumwa. Ni kweli?

Historia hiyo ipo, na afadhali uijue kabla hujaambiwa na mtu kwenye harusi. Katika nchi zilizozunguka Bahari ya Hindi, mabwana walipenda kuwapa watumwa majina ya vito, manukato na heri: Almasi, Feruzi, Marijani, Ambari, Faraji, Mabruki, Baraka. Aliyetekwa alifika na jina la kwao, akapewa jingine sokoni au nyumbani kwa bwana, na la kwao likapotea. Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utotoni akaja kuwa mtawala mwenye jeshi huko Dekani, India, alibeba jina la namna hiyo hadi kufa kwake mwaka 1626. Huku kwetu Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Wazungu kutafuta chanzo cha Nili, alitekwa utotoni katika nchi ya Wayao akauzwa India, na jina alilopewa na wazazi wake halikuandikwa popote.

Kwa hiyo baadhi ya familia za pwani, hasa zilizokuwa zinaangalia nasaba kwa darubini, ziliyaepuka majina hayo hata baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873 na utumwa wenyewe kufutwa kisheria visiwani mwaka 1897.

Lakini tazama jina lenyewe la Mtumwa. Mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, Unguja, alizaliwa binti akaitwa hivyo. Alikua akiuza vyungu, akahamia mjini, akajifunza kuimba na kusoma Kurani, na watu wakamwita Siti, yaani bibi wa heshima. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikasikika pwani nzima. Aliacha jina la Mtumwa, na hakuna wa kumlaumu. Ila jina hilo lenyewe halikufa Zanzibar. Wapo waliolirithi kwa babu zao na wanaliitikia bila kuinamisha kichwa.

Msimamo wangu: Feruzi na Marijani ni majina mazuri kwa sauti na kwa maana, na walioyabeba kwa shida wanastahili kuwa na masomo.

"Mwana" kwenye Mwanaidi au Mwanahamisi maana yake "mtoto wa"?

Wengi hudhani hivyo. Katika Kiswahili cha kale cha pwani, Mwana lilikuwa neno la heshima kwa mwanamke, kama tunavyosema Bi leo. Mwana Kupona binti Msham, mshairi wa kisiwa cha Pate, ndivyo alivyoitwa, na bintiye, ambaye alimwandikia wosia wa beti mwaka 1858, alikuwa Mwana Hashima. Polepole neno likaungana na jina: Mwanaidi, Mwanaisha, Mwanakombo, Mwanakheri. Pengine likapunguka likawa Mwa-, kama Mwajuma na Mwahija. Kwa wanaume ilikuwa Mwinyi, mwenye mji au mwenye mali. Anayemcheka Mwajuma anamcheka mtu aliyeitwa bibi wa heshima tangu siku ya akika.

Mimi ni Mkristo. Naweza kuyatumia?

Mengi, bila wasiwasi: Mosi, Pili, Masika, Chausiku, Subira, Zawadi, Riziki, Sikudhani, Kulwa, Doto. Hayo ni Kiswahili tu. Mwanaidi na Ramadhani yana dini ndani yake na kila mtu atajua.

Tena usisahau kwamba kanisa nalo lina majina yake ya bibi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, walikuja na kalenda ya watakatifu, na utaratibu wa kumpa mtoto jina la mtakatifu wa siku yake haukuwa mbali na ule wa Juma na Hamisi. Ndipo wakapatikana akina Skolastika, Leokadia, Fortunata, Anastazia, Deogratias. Perpetua na Felista ni wanawake wawili waliouawa pamoja kwa imani yao Karthago mwaka 203. Nenda parokia yoyote kongwe ya bara, misa ya kwanza, utawakuta wote wawili kwenye viti vya mbele, wamevaa vitenge vya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki.

Mbona majina ya wanaume hayajapotea kama ya wanawake?

Hili ndilo swali ninalopenda kuliko yote, na jibu lake liko kwenye kitambulisho chako. Mtanzania wa kawaida ana majina matatu: lake, la baba, la babu au ukoo. Kwa hiyo mtoto wa leo anaweza kuitwa Rayan Hassan Shomari. Shomari hajafa. Amehama kutoka kiti cha mbele kwenda cha nyuma, na anasafiri bure kwenye cheti cha kuzaliwa, pasi na kadi ya benki. Feruzi, Kombo, Makame, Masanja, wote wako huko nyuma. Mtoto akipewa Shomari kama jina la kwanza, watu hawashtuki sana, sikio lilishazoea.

Bibi hana kiti. Chausiku anaweza kuzaa watoto saba na kulea wajukuu ishirini, asiwepo kwenye jina la hata mmoja wao. Anatokea mara moja tu, pale fomu inapouliza jina la mama, na mjukuu akijaza fomu yake bibi ameshatoka kabisa. Hata Siti mwenyewe kumbukumbu inamtaja kwa baba: binti Saad. Uswahilini watu husema "Omari wa Bi Mwanaidi" ili kumtofautisha na Omari mwingine, lakini hilo ni la mdomoni. Halijawahi kuandikwa kwenye cheti.

Ndiyo maana jina la bibi likikosa kupewa mtoto mbele, wazi, kama jina lake la kwanza, linakwisha kwa vizazi viwili tu. Ukiniuliza uchague kati ya babu na bibi, nitakwambia babu ana pa kukaa tayari.

Nikimpa mtoto jina la baba mkwe, nitamwitaje?

Swali la heshima na lina jibu la zamani. Katika jamii zetu nyingi mke halitaji jina la baba mkwe. Mtoto akiwa somo wa babu yake, mama atamwita "Baba" au "Babu" tu, na kumkanya kwa jina hilo hilo: "Babu, teremka mezani!" Wageni hushangaa dakika mbili, kisha wanazoea. Kama unaona huwezi, mpe mtoto majina mawili, moja la cheti na moja la nyumbani. Hata wazee walifanya hivyo.

Hatachekwa shuleni?

Atachekwa kidogo. Vichekesho vyetu vya mitaani vimemtesa Mwajuma na ndala zake ndefu kwa miaka, na kwenye maigizo mtu akihitajika kutoka kijijini haitwi Ethan. Hiyo ndiyo shida ya kweli kuliko jina lenyewe. Lakini watoto hucheka kila kitu: Ethan atachekwa masikio. Kinachosaidia ni mtoto kuijua hadithi ya jina lake vizuri kiasi cha kuisimulia. Mtoto anayeweza kusema "mimi ni Kulwa, Doto yuko darasa la pili B" hana mtu wa kumcheka.

Kingine ni ufupisho. Watu watalikata jina upende usipende, basi tazama mapema litakatwa vipi. Ramadhani anakuwa Rama, Khadija anakuwa Dija, Mwanahamisi kwa watu wa Mombasa anaweza kuwa Mishi, Skolastika anakuwa Skola, Deogratias anakuwa Deo. Hayo yote yanapendeza, na baadhi yangeweza kuwa ya msanii.

Niandike Hamisi au Khamis?

Yoyote, mradi iwe moja. Bara wamezoea Hamisi, visiwani Khamis. Kinachowatesa watu ni Hamisi kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, Khamis kwenye cheti cha mtihani cha NECTA, na Khamisi kwenye kitambulisho cha NIDA, halafu mtu anaomba pasi. Mwandikie karani jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi, umpe, kisha soma kilichoandikwa kabla hujaondoka dirishani.

Mimi ni mtu mzima. Naweza kurudia jina la bibi yangu kisheria?

Ndiyo. Tanzania unaandaa hati ya kubadili jina kwa wakili na kuisajili kwa Msajili wa Hati, kisha unahangaika na ofisi moja moja. Kenya mabadiliko hayo hutangazwa pia katika Gazeti Rasmi la Serikali. Wengi huishia kulitumia mdomoni tu, na hilo halihitaji muhuri.

Ni kweli Wamarekani wanatumia majina ya Kiswahili kuliko sisi?

Kuliko sisi, hapana. Lakini wanayatumia bila aibu. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, akaipa nguzo saba kwa Kiswahili, na mbili kati yake, Nia na Imani, zikawa majina ya watoto wa kike kwa familia za Wamarekani weusi. Zuri nalo limeshika huko. Linanichekesha kidogo, maana kwetu ni kivumishi kisicho na kiambishi, lakini jina haliombi ruhusa ya sarufi.

Sisi nasi tumewahi kuwaita watoto kwa matumaini ya wakati: Uhuru Kenyatta alizaliwa mwaka 1961, uhuru wa Kenya wenyewe ukaja miaka miwili baadaye. Nyerere ana mtoto aitwaye Madaraka. Haya nayo sasa yanaanza kunusa uzee, na uzuri wake unaanza kuonekana.

Na kama bibi mwenyewe hataki jina lake litumike?

Hutokea kuliko unavyodhani. Bibi yangu aliitwa Sikudhani. Nilipomwambia tunataka kumpa mtoto jina lake alikaa kimya, akaendelea kusuka ukili, kisha akasema jina lile lilikuwa ugomvi wa mama yake na wifi yake, na ugomvi uliisha kabla ya vita vya Hitler, basi kwa nini tuufufue. Tukamwuliza yeye angependa mtoto aitwe nani. Akasema kuna jina mama yake alikuwa akimwita usiku tu, wakati wa kumlaza, na hakuna aliyebaki hai anayelijua. Akalisema. Ndilo tulilompa mtoto, na bibi akatuomba tusimwambie mtu maana yake.